Mikia ya maneno ya Kihungaria: jinsi ya kuibandika kwenye majina na vitenzi

Kila Septemba wanafunzi wapya kutoka Afrika Mashariki wakishatua Hungaria, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Mbona jina langu wanalibadilisha mwishoni? Mbona wanasema Budapesten halafu Debrecenben? Mbona kuna látok na látom na zote ni "naona"? Nimeyajibu sana kwa sauti na kwa meseji, sasa nayaandika yote hapa sehemu moja.

Jambo la kwanza kabisa, usiogope. Watu watakuambia Kihungaria ni lugha ngumu kuliko zote, na wengi wanaosema hivyo wamezaliwa kwenye lugha ambazo neno halibandikwi vitu. Wewe umekua ukisema "nitakupigia" na hujawahi kuhesabu kwamba hapo kuna ni, ta, ku, pig, i na a, vitu sita kwenye neno moja. Mhungaria anafanya kazi hiyohiyo, ila yeye vipande vyake karibu vyote anavipanga mwishoni mwa neno. Vitabu vinaviita viambishi tamati, mi nitaviita mikia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kibodi ya Kihungaria kwenye simu, iwashe leo. Alama za juu siyo mapambo: kor ni umri, kór ni ugonjwa. Na ö (nukta mbili) siyo ő (vistari viwili), ya pili inavutwa zaidi.
- Daftari na kalamu za rangi mbili, moja ya mzizi na moja ya mkia.
- Maneno kama 20 ambayo tayari unayajua maana: ház (nyumba), könyv (kitabu), barát (rafiki), kávé, víz (maji), busz, iskola (shule), na vitenzi vichache kama lát (ona), kér (omba), olvas (soma), tanul (jifunza).
- Kamusi nzuri inayoonyesha umbo la neno likiwa na -t. Utaona faida yake hatua ya 4.
- Matamshi ya msingi: s inasomwa kama sh yetu, sz ndo s yetu, cs ni ch, ny ni ny. Kwa hiyo Budapest ni "Budapesht". Na mkazo ni silabi ya kwanza siku zote, hata neno liwe refu vipi, sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho kwa hiyo hapa itabidi ulimi ufundishwe upya.

Hatua ya 1: Jua neno lako ni la kundi gani

Chukua pika, ongeza ile ya kumfanyia mtu, unapata pikia. Kata, katia. Funga, fungia. Sasa chukua soma. Husemi somia, unasema somea. Penda, pendea. Nani alikufundisha? Hakuna, mdomo wenyewe unajua kwamba mzizi wenye o au e unataka -ea na wenye a, i, u unataka -ia. Basi Kihungaria kina mchezo huohuo, mkia unafuata sauti ya neno, ila kwao umesambaa kwenye lugha nzima.

Irabu a, á, o, ó, u, ú ni kundi la kwanza, tuliite kundi la a. Irabu e, é, i, í, ö, ő, ü, ű ni kundi la e. Karibu kila mkia una sura mbili, moja kwa kila kundi. Mkia wa "ndani ya" ni -ban au -ben: házban, ndani ya nyumba, könyvben, ndani ya kitabu.

Neno likichanganya irabu, angalia hivi. Kama kuna a, o au u halafu baada yake zimefuata i, í au é tupu, neno linabaki kundi la a: papír, taxi, kávé zote ni za kundi la a, unasema kávéban, na ndo maana ni Nairobiban wala siyo Nairobiben. Kama irabu ya mwisho ni ö, ő, ü au ű basi ni kundi la e bila mjadala, mfano sofőr. Kuna machache yanayoyumba, hotel mtu anaweza kusema hotelban na mwingine hotelben na wote wako sawa, usipoteze usingizi hapo.

Mikia michache ina sura tatu, ya tatu ikiwa ya maneno ambayo irabu ya mwisho ni ö, ő, ü, ű. Mfano mkia wa "kuelekea kwa": házhoz, kézhez (kéz ni mkono), könyvhöz.

Hatua ya 2: Vuta irabu ya mwisho kabla ya kubandika

Hii inawahusu sana wenye majina yetu, kwa sababu majina yetu yanaishia na irabu. Neno likiishia na a, e au o fupi, ukibandika mkia irabu hiyo inavutwa: a inakuwa á, e inakuwa é, o inakuwa ó. Inayoishia na i haiguswi kwenye maandishi.

Juma: Jumát (yeye akitendewa), Jumának (kwake), Jumával (pamoja naye).
Otieno: Otienót, Otienónak, Otienóval.
Zawadi: Zawadit, Zawadinak, Zawadival.
Hassan: Hassant, Hassannak, Hassannal (hii ya mwisho nitaieleza).

Nilikuwa naishi na mwenzangu mmoja, tumwite Juma. Wiki yake ya pili pale akaja mama jirani ana kifurushi mkononi, akagonga, Juma mwenyewe akafungua. Yule mama akasema "Jumát keresem", yaani namtafuta Juma. Juma akamjibu kwa heshima zote kwamba hapa hakuna mtu anaitwa Jumat, mama akashukuru akaondoka na kifurushi, na ndani mlikuwa na dawa zake zilizotumwa kutoka nyumbani, tulizipata siku ya tatu. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya salamu, lifahamu jina lako likiwa na -t, na -nak/-nek na -val/-vel, liandike kwenye daftari, lisome kwa sauti mpaka ukiitwa ugeuke.

Hatua ya 3: Mahali, na hapa ndo tunaanguka wengi

Sisi tuna -ni moja inafanya kazi zote. Niko shuleni, naenda shuleni, natoka shuleni, neno ni lilelile, kitenzi ndo kinasema unaingia au unatoka. Kihungaria mkia wenyewe lazima useme.

Ndani: iskolában (uko ndani), iskolába (unaingia), iskolából (unatoka).
Juu ya kitu: asztalon (iko juu ya meza), asztalra (unaiweka juu), asztalról (unaitoa juu).
Karibu na kitu au kwa mtu: Jumánál (uko kwa Juma), Jumához (unaenda kwa Juma), Jumától (unatoka kwa Juma).

Ni mikia tisa, na kila mmoja na sura zake. Usijifunze yote siku moja, anza na mstari wa kwanza wiki nzima.

ONYO: -ba na -ban zinafanana sana masikioni, na -ban wenyewe wakiongea haraka wengi wanaimeza n. Ukiandika usiimeze. Na -ból ukiikosea ni hasara ya moja kwa moja, mimi niliwahi kusimama dirishani kwenye stesheni ya Budapest nikaomba tiketi "Debrecenből" nikimaanisha naenda Debrecen, mama wa tiketi akanipa swali ambalo sikulielewa, foleni nyuma yangu ndefu, nikaitikia tu, nikapewa tiketi ya kutoka Debrecen kuja pale nilipokuwa nimesimama. Sentensi sahihi ni hii, ishike: Egy jegyet kérek Debrecenbe.

Sasa miji. Miji mingi ya Hungaria inachukua mkia wa "juu": Budapesten, Szegeden, Miskolcon, Pécsen, na kwenda ni Budapestre, kutoka ni Budapestről. Lakini kuna mingine inachukua mkia wa "ndani": Debrecenben, Győrben, Egerben, Sopronban, Veszprémben. Ukiangalia vizuri hii ya pili mingi inaishia na n, m, r na sauti za namna hiyo, ila usiitegemee kama sheria, jifunze mji wako na miji unayopita. Miji na nchi za nje karibu zote ni "ndani": Nairobiban, Mombasában, Kenyában, Tanzániában, Kongóban. Hungaria yenyewe ni Magyarországon, kwa -on, lakini Ujerumani ni Németországban. Ukitaka kusema umetoka wapi: Tanzániából jöttem.

Na ukitaka kusema wewe ni mtu wa wapi, kuna mkia mfupi -i: tanzániai vagyok, kenyai vagyok, mombasai vagyok. Mtu wa Nairobi anabaki nairobi kwa sababu i ipo tayari, na yote haya yanaanza kwa herufi ndogo.

Hatua ya 4: Mkia wa -t, wa kitu kinachotendewa

Ukiomba kahawa, kahawa ndo inaombwa, basi inabeba -t. Kérek egy kávét. Kérek egy teát. Ukisema "kérek kávé" utaletewa, watu wana moyo, lakini ni kama mgeni anayesema "mimi taka kahawa".

Konsonanti nyingi zinadai irabu katikati na irabu hiyo huwezi kuibahatisha: ház ni házat, barát ni barátot, könyv ni könyvet. Mengine yanafupisha irabu yake: víz inakuwa vizet, kenyér (mkate) inakuwa kenyeret. Ndo maana nikasema kamusi iwe ya kuonyesha -t, kila neno jipya liandike mara mbili, peke yake na likiwa na -t, mwisho wa hadithi.

Hatua ya 5: "Na" na "kwa": -val/-vel

Huu ni mkia wa pamoja na, na pia wa kutumia kitu. Neno likiishia na irabu v inabaki: Jumával, taxival, kávéval. Likiishia na konsonanti, v inakufa na konsonanti ya mwisho inajirudia: Péter, Péterrel. Vonat (treni), vonattal. Hassan, Hassannal. Kés (kisu), késsel. Busz, busszal, hapo sz inaandikwa ssz.

ONYO: konsonanti mbili ziseme mbili kweli, kaa juu yake kidogo. Sisi hatuna zoea la kushikilia konsonanti kwa hiyo tunaipitisha haraka.

Hatua ya 6: Wangu, wako, wake

Unapomwita mtu mwenzangu, mwanangu, nduguyo, mkewe, umeshafanya Kihungaria. Barátom rafiki yangu, barátod rafiki yako, barátja rafiki yake, barátunk rafiki yetu, barátotok rafiki yenu, barátjuk rafiki yao. Mama ni anya, mamangu ni anyám.

Foleni ya mikia haibadiliki: mzizi, kisha mwenye mali, kisha mahali au "na". Ház-am-ban, ndani ya nyumba yangu. Vitu vikiwa vingi kunaingia i kabla ya mwenye: barátaim ni rafiki zangu, barátaimmal ni pamoja na rafiki zangu. Chukua zile kalamu mbili, lipake rangi neno hilo kipande kwa kipande, barát-ai-m-mal, ukilielewa hilo moja umeelewa mengi.

ONYO: wingi wa kawaida ni -k (házak, könyvek, almák), lakini ukitaja namba wingi unaondoka. Vitabu vitatu ni három könyv. Sisi tunapenda kusema "három könyvek" kwa sababu kwetu kila kitu kinakubaliana, wao namba imeshasema inatosha.

Hatua ya 7: Vitenzi, mikia seti mbili

Kitenzi kwenye kamusi utakikuta kikiwa uchi: tanul, kér, lát. Hiyo yenyewe ni "yeye". Seti ya kwanza:

tanulok, tanulsz, tanul, tanulunk, tanultok, tanulnak
kérek, kérsz, kér, kérünk, kértek, kérnek

Kitenzi kikiishia na s, sz au z, ile -sz ya "wewe" inakuwa -ol/-el/-öl: olvasol, unasoma.

Seti ya pili ni pale kitu kinachotendewa kinajulikana ni kipi:

tanulom, tanulod, tanulja, tanuljuk, tanuljátok, tanulják
kérem, kéred, kéri, kérjük, kéritek, kérik

Wazungu wengi hii inawatesa miaka. Wewe unayo. Nasoma kitabu: olvasok egy könyvet. Nakisoma kile kitabu: olvasom a könyvet. Ile ki- unayoiweka katikati kwao ni ile m ya mwisho. Ukiona kuna a/az (kama hiyo "kile" ya hapo juu) mbele ya kitu, au jina la mtu, au kitu chenye mwenyewe, tumia seti ya pili: látom Jumát, namwona Juma.

Njoo kwenye duka la keki uone inavyofanya kazi. Muuzaji anauliza "Mit kér?", unataka nini (kwa heshima anakusemesha kama "yeye"), hajui bado, kwa hiyo ni kér ya seti ya kwanza. Unamjibu "Süteményt kérek", nataka keki, keki yoyote. Anakuonyesha trei, "Melyiket kéri?", unataka ipi, sasa ni mojawapo ya zile pale, kéri. Unanyoosha kidole, "Ezt kérem", naitaka hii. Sentensi nne, seti zote mbili, simama pale kaunta usikilize wateja wawili watatu itaingia yenyewe.

ONYO kubwa: sisi kiumbe hai tunamwekea m- hata kama hatumjui, namwona mtu. Kihungaria hakijali uhai, kinajali kujulikana tu. Kwa hiyo ni látok egy embert, siyo látom. Na "mimi" na "wewe" vikitendewa wanavihesabu kwenye seti ya kwanza: Juma lát engem, Juma ananiona.

Isipokuwa pale mimi ninapokutenda wewe, kuna mkia wake maalumu, -lak/-lek. Látlak, nakuona. Na hili neno utalisikia hata kwenye simu za watu ndani ya tramu: szeretlek. Penda ni szeret, na -lek ni mimi kwako. Nakupenda, neno moja kwa neno moja.

Kwa wakubwa usitumie umbo la "wewe". Mzee au mtu wa ofisini unamsemesha kama "yeye": Hogy van? (habari yako?) siyo Hogy vagy? Watoto wakimsalimia mama mtu mzima wanasema Csókolom, ambayo ni csókol (busu) na -om, "naubusu", mkono wenyewe hautajwi lakini ile -om inasema upo. Nilipolielewa neno hilo nikakumbuka shikamoo, ambayo na yenyewe wengi wanaieleza kuwa ni "nashika miguu". Tangu hapo nikimwona bibi wa ghorofa ya chini naisema kwa moyo wote.

Hatua ya 8: Mikia ya katikati ya kitenzi

Hapa utajisikia nyumbani. Eszik ni kula, etet ni lisha. Iszik ni kunywa, itat ni nywesha. Vár ni ngoja, várat ni ngojesha. Ehető ni kinacholika, iható ni kinachonyweka, olvasható ni kinachosomeka. Mkia -hat/-het ni wa kuweza: bejöhetek? naweza kuingia? Hiyo ndo hodi yao ya ofisini. Wakati uliopita ni t: kértem, niliomba, láttam, niliona.

Na usichanganye -ni. Kwao -ni mwisho wa kitenzi ni ku- yetu: látni, kuona. Haihusiani na mahali.

Majina ya watu

Jina la ukoo linatangulia: Karikó Katalin, Puskás Ferenc, Rubik Ernő. Mkia unakaa mwisho wa vyote, Karikó Katalinnal. Koo nyingi zenyewe ni mzizi na mkia: szab ni kukata nguo, Szabó ni fundi nguo. Hal ni samaki, Halász ni mvuvi. Szegedi ni mtu wa Szeged. Mshairi Petőfi Sándor, aliyezaliwa 1823, ukoo wake ulikuwa Petrovics, akachukua Petőfi, yaani mwana wa Pető. Mlangoni ukikuta Kovács Jánosné, huyo ni mke wa Kovács János. Na -ék ni akina: Jumáék, akina Juma.

Ukikwama

*Nimesikia neno refu halimo kwenye kamusi.* Limenye kutoka mwisho. Könyveimben: toa -ben, toa -m, toa -ei, limebaki könyv. Ndani ya vitabu vyangu.

*Neno lina i au í tupu lakini wanasema kwa kundi la a.* Yapo. Ír (andika) ni írok, híd (daraja) ni hídon. Yaandike ukurasa wake peke yake, siyo mengi.

*Irabu imepotea katikati.* Bokor (kichaka) ni bokrot, étterem (mgahawa) ni éttermet. Ukiiandika na -t mara ya kwanza tu hutasumbuka.

*Kitenzi kinasema tanít lakini "unafundisha" ni tanítasz.* Mzizi ukiishia na -ít au konsonanti mbili, wanaingiza irabu ili pasemeke: tanítasz, tanítanak, értesz, értenek.

*Naelewa kwenye daftari ila nikiongea yote yanaruka.* Punguza. Wiki ya kwanza -t na -ban/-ba/-ból peke yake, sentensi tano kila asubuhi za vitu utakavyofanya kweli siku hiyo: unaenda wapi, kwa usafiri gani, utaomba nini. Mkia ukiusahau katikati ya sentensi sema tu neno bila mkia uendelee, mwenye lugha atakurudishia neno lako likiwa na mkia wake sahihi, na hapohapo lirudie kwa sauti kabla hajaendelea.